Dakika Kumi za Mwishehe

Mwaka wa sabini na moja, ungemuuliza mtu yeyote wa Bagamoyo nani anajua mpira, angekujibu kabla hujafunga mdomo: Mwishehe wa Dunda. Kijana wa miaka kumi na saba, mwembamba, miguu mirefu, mtoto wa pekee wa Bi Kibibi mjane. Asubuhi alikokota chumvi kwenye mashamba ya Nunge, jioni akacheza winga ya kushoto katika timu ya Mwambao. Walimpa jina la Mkizi kwa jinsi alivyoruka miguu ya mabeki, kama samaki huyo anavyoruka wavu. Gazeti moja la Dar es Salaam likaandika habari zake mistari minne. Minne tu, lakini mji mzima uliisoma, wanaojua kusoma na wasiojua, na kile kipande cha gazeti kikazunguka baraza zote mpaka kikarudi kwa mwenyewe kimeloa mafuta ya vitumbua.

Sasa mtu mwenye sifa hizo, jamani, ungemchezesha dakika ngapi? Mwalimu Muhidini alimchezesha kumi. Kumi za mwisho, na hizo mpaka watu wazomee kwanza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Muhidini huyuhuyu ndiye aliyemkuta Mwishehe akipiga chandimu mchangani na watoto wenzake, akamvisha jezi, akampa namba ya kudumu. Msimu mzima kijana alicheza tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na msimu mzima alitukanwa. Maana Muhidini alikuwa mnyapara wa ghala la mbata. Kutwa kazi yake ni kuwafokea wapagazi, na sauti hiyohiyo alikuja nayo kiwanjani. "Zuzu wewe!" "Mguu huo umeuazima?" "Kimbia, kwani umemeza jiwe?" Hapakuwa na mchezaji wa Mwambao ambaye hakupata lake. Walishamzoea. Siku mtu asipotukanwa, alijiuliza kama kweli yumo kiwanjani.

Kisha, wiki chache baada ya Idi ya kuchinja, mambo yakageuka. Matusi yakakoma. Si kwa wote, kwa Mwishehe peke yake. Mechi ya kwanza akawekwa benchi. Ya pili, benchi. Ya tatu watu wakachachamaa, "Mkizi! Mkizi!", ndipo Muhidini akamwashiria kwa kidole, bila kumtazama, aingie dakika ya themanini. Akaingia, akafunga bao. Mechi iliyofuata, benchi tena.

Na si hayo tu. Mwishehe akiwa kwenye mstari na bukta yake anapasha mwili, mwalimu aligeuka upande wa pili akatazama minazi. Wakikutana njiani, kijana akisema, "Shikamoo, mwalimu," Muhidini aliitikia, "Marahaba, bwana," akashuka kando kumpisha, macho chini. Bwana! Mtu aliyemwita zuzu mwaka mzima, leo anamwita bwana. Mwishehe alijua maana yake, au alidhani anajua. Mwalimu ana kinyongo cha lile gazeti, anamfanyia dharau ya kimyakimya. Moyo ulimuuma, wee acha tu. Afadhali kofi kuliko lile "bwana".

"Umempa nini mzee?" golikipa wao, Bwanausi, alimtania benchini siku moja. Bwanausi alikuwa ameumia kidole, basi walikaa pamoja. "Sisi anatuchamba mpaka bibi zetu makaburini, wewe anakuheshimu kama kadhi."

"Nyamaza, Bwanausi. Nitahama timu hii."

"Hama. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Chalinze watakuokota na hata hawatakulisha."

Masika yalipokwisha, ikaja habari kubwa. Wazee watatu wa klabu moja kubwa ya Dar es Salaam watakuja kumwona. Wamesoma gazeti, wanataka kuhakikisha. Mwambao watacheza na timu ya Chalinze, vijana wa stendi ya malori, wenye miguu migumu kama magogo. Siku hiyo kiwanja kilijaa hadi watu wakapanda ukuta wa shule. Wazee wa Dar walikuja na kofia zao safi, wakakalishwa kwenye viti vya kuazima. Filimbi ikalia, na Mwishehe yuko wapi? Benchi. Nusu ya kwanza, benchi. Dakika ya sitini, ya sabini, benchi. Watu walizomea mpaka sauti zikawakauka. Dakika ya themanini na mbili Muhidini akanyoosha kidole. Mwishehe akaingia huku machozi yamemlenga, akagusa mpira mara nne, mara mbili akaanguka mwenyewe. Wazee wa Dar walikuwa wameshasimama, wanapangusa mavumbi kwenye suruali.

Mmoja wao, kabla ya kupanda gari, akamwambia kwa upole, "Kijana, hatukuona kitu. Tutarudi siku ya fainali ya kombe la wilaya, wiki mbili zijazo. Tusipokuona hapo, basi tena."

Wiki mbili! Kesho yake Mwishehe alitoka Nunge na chumvi bado imeganda miguuni, akaenda moja kwa moja ghalani. Muhidini alikuwa amesimama juu ya mizani anawafokea wapagazi wa watu. Alipomwona kijana mlangoni alilikata tusi katikati, akashuka, akateremsha mikono ya shati iliyokuwa imekunjwa, akafunga vifungo mpaka shingoni.

"Karibu, bwana."

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuuliza. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Hukunikosea kitu."

"Basi mbona hunichezeshi? Kama mpira wangu mbovu, niambie mbovu. Nitukane kama unavyowatukana wenzangu!"

Muhidini aliangalia magunia, akaangalia dari, akaangalia kila kitu ghalani isipokuwa uso wa yule mtoto. Jasho lilimtoka. "Subiri kidogo, bwana," akasema kwa sauti ndogo ambayo wapagazi hawakuwahi kuisikia. "Mambo yana wakati wake." Halafu akatoka kwa mlango wa nyuma. Ala! Mnyapara kakimbia ghala lake mwenyewe. Wapagazi walibaki wameduwaa na magunia begani.

Nyumbani Mwishehe alimkuta mama yake anachambua mchele uani. "Mama, sina changu hapa," alisema. "Naenda Dar mwenyewe. Nitadandia lori, nitawatafuta wale wazee hukohuko, nitajitembeza."

Bi Kibibi aliacha mchele. "Usiseme hivyo, baba," akasema. Lakini mikono yake haikurudi kwenye ungo, na Mwishehe, kwa hasira zake, hakuliona hilo.

Siku ya pili yake, akiwa njiani kwenda Nunge, alisikia anaitwa. "Kaka Mwishehe, simama." Alikuwa Mwaija, binti mkubwa wa Muhidini, na ndoo ya maji mkononi. Msichana wa miaka kumi na minane, mtulivu, mwenye kusoma mpaka vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari. Walikuwa wamesoma shule moja, yeye madarasa ya mbele, hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Mwaija aliitua ndoo, akatazama huku na huko.

"Una habari kwamba unanioa?"

Mwishehe akacheka. "Nani kasema?"

"Mama yako na mjomba wako Salumu. Walileta posa baada ya Idi, na baba akapokea kishika uchumba. Pete na doti mbili za kanga zimo sandukuni mwa mama, nimeziona kwa macho yangu. Wamekubaliana wasitangaze mpaka Ramadhani ipite. Mimi mwenyewe nimechungulia tu, sijaambiwa."

Lo! Mwishehe alikaa chini palepale mchangani. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha katika nyumba yenye moshi. Kumbe! Kumbe yule mzee kila siku anamwona mkwe! Na mkwe, kwa watu wa pwani ile, si mtu wa mchezo. Mkwe hupishwa njia. Mkwe haitwi zuzu, wala hafokewi mbele za watu. Ukiteleza ukamtukana, utakwenda kwao na wazee kuomba radhi, na mji utakucheka miaka saba. Na kumtazama mkwe mapaja wazi, amevaa bukta, ni fedheha ya watu wawili kwa pamoja. Sasa Muhidini angefanyaje? Anaijua nafsi yake. Mpira ukichezwa dakika tisini, ulimi wake haukai kinywani. Dakika kumi angalau aliweza kujiziba mdomo kwa leso.

"Kwa hiyo hanichukii?" Mwishehe aliuliza.

"Akuchukie? Hebu niache! Akirudi kutoka mechi anafunga mlango, anautukana ukuta. 'Pasi gani hiyo, zuzu wewe! Kaba, kaba!' Mama anambembeleza kama mtoto. Juzi, mechi ya Chalinze, nusura apate homa."

Mwishehe alicheka mpaka machozi, na machozi yenyewe hakujua ni ya kicheko au ya miezi minne ya kudhani amechukiwa na mtu aliyempenda kama baba. Mwaija alimngoja amalize. Yeye hakuwa anacheka.

"Wewe una mpira wako," akasema. "Mimi nimechaguliwa chuo cha ualimu. Barua imekuja, natakiwa huko mwezi wa saba. Nikiolewa, barua hiyo nitafungia bizari."

"Si umwambie baba yako?"

"Nimwambieje? Hajaniuliza. Nikikataa posa aliyokwisha kupokea, nimemvua nguo. Lakini waliokuja kuposa ni ninyi. Mama yako akisema, 'Tumefanya haraka, binti aulizwe,' hapo baba hajavunjiwa heshima na mtu. Mwambie mama yako, kaka Mwishehe. Nakuomba." Akajitwika ndoo, akaenda zake, na maji hayakumwagika hata tone.

Jioni ile Mwishehe hakwenda mazoezini. Alikaa karibu na mama yake jikoni, akachochea kuni mpaka wali ukaiva.

"Mama, umeniposea mke?"

Bi Kibibi aliinamisha kichwa. "Nilisikia watu wanasema, 'Mwanao huyo, Dar watamchukua,'" alisema. "Baba yako aliniambia anakwenda Dar miezi mitatu, kutafuta kazi bandarini. Miezi mitatu, Mwishehe. Nilioneshwa kaburi lake, uso wake sikuuona tena. Nikasema nikikuozesha hapa, tena kwa watu wema, popote utakapokwenda utakuwa na sababu ya kurudi."

"Sababu si ninayo?" Mwishehe alisema. "Si wewe?"

Hapo Bi Kibibi alilia, alilia kwa sauti, upande wa kanga mdomoni, na mwanawe akamshika mkono asijue aufanye nini mkono ule. Alipotulia, Mwishehe alimweleza yote, habari ya barua ya chuo, habari ya ukuta unaotukanwa. Kwenye ukuta mama akacheka katikati ya kilio. "Masikini Muhidini! Na mimi nakaa hapa nasema mbona mwanangu hachezeshwi, nani kamloga. Kumbe mchawi mwenyewe mimi!"

"Hukukusudia, mama."

"Sikukusudia, lakini nimefanya. Kesho mjomba wako atavaa kanzu."

Na kweli, baada ya sala ya alasiri mjomba Salumu alivaa kanzu na kofia, akaenda kwa Muhidini. Mwishehe alibaki barazani kwao anakula kucha. Ikawa anafikiri, je, wakisema tumewadharau? Je, mzee akikasirika kabisa, asinipe hata hizo kumi? Nusu saa ilipita, ikapita saa nzima. Mjomba alirudi anatembea haraka kuliko umri wake, na alipofika barazani aliketi kwanza, akavua kofia, akajipepea. Mtu huyu alipenda kusimulia kwa raha zake.

"Nimemwambia, 'Mwenzangu, sisi tumefanya haraka. Dini inataka binti aulizwe, na hatukumuuliza.' Muhidini kanitazama. Kamwita binti, yupo na mama yake. 'Mwaija, kuna posa. Unasemaje?' Binti kainamisha macho, kasema, 'Baba, nataka kwenda kusoma.' Basi Muhidini kanyamaza. Kanyamaza! Mimi jasho linanitoka, nasema leo tumevunja ujamaa."

"Kisha, mjomba?"

"Kisha kainuka, kainua mikono, kasema, 'Alhamdulillahi rabbil alamina!' Kanikumbatia karibu anivunje mbavu. Halafu kaona haya, kaniambia, 'Bwana Salumu, usinielewe vibaya. Si kwamba kijana simpendi. Nampenda sana. Ndiyo maana nataka kumtukana!'"

Baraza zima lilicheka, mpaka jirani wakachungulia. Pete ilirudishwa siku hiyohiyo, kwa heshima. Zile doti mbili za kanga Bi Kibibi alikataa kuzipokea. Alisema mwalimu mtarajiwa hawezi kwenda chuoni na kanga zilizopauka, azichukue. Na Mwaija alizichukua.

Ikafika siku ya fainali. Chalinze tena, safari hii walikuja na malori mawili ya washangiliaji. Wazee wa Dar walirudi, mmoja na mwavuli. Muhidini alisoma majina ya wachezaji kwenye karatasi, na alipofika winga wa kushoto alimkazia macho Mwishehe, machoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Idi. "Wewe. Ukinitia aibu leo nitakuzika na bukta hiyohiyo."

"Naam, mwalimu!" Mwishehe alijibu, na Bwanausi pembeni akasema ajabu, mtu anatishiwa kuzikwa anafurahi kama kapewa mahari.

Mpira ulianza. Dakika ya nne Mwishehe alimruka beki wa kwanza, akamruka wa pili, akampasia mwenzake katikati, ikawa bao. Kiwanja kikatetemeka. Lakini dakika ya sita alipoteza mpira akasimama anajishika kiuno, na hapo ikaja ile sauti kutoka mstarini, iliyohifadhiwa ghalani miezi minne, imeiva. "Zuzuuu! Umesimama kupiga picha? Rudi nyuma ukabe! Rudi! Mtu gani wewe, ng'ombe ana akili kukushinda!" Waliokuwa juu ya ukuta wa shule walishikana wasianguke kwa kucheka. Mwishehe alirudi nyuma mbio, na mwili mzima ulimsisimka kwa raha.

Raha tupu haikabi, lakini. Miezi minne ya dakika kumikumi ilikuwa imemla pumzi, na kabla ya hapo kukaba hakukujua vilevile, ila sifa zilimfunika. Kipindi cha pili Chalinze walipita upande wake mara tatu, na mara ya tatu wakasawazisha. Muhidini alifoka mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Dakika ya sitini akanyoosha kidole. Si cha kumwingiza safari hii. Cha kumtoa.

Kiwanja kilizomea. Mwishehe alitembea mpaka benchi, akaketi, kifua kinapanda na kushuka. Wale wazee wa Dar waliinuka, wakazunguka uwanja, wakaja mpaka pale. Yule wa mwavuli akamuuliza Muhidini, "Mwalimu, miguu tumeiona. Tumchukue?"

Muhidini hakugeuka hata kuona kama kijana anasikia. "Huyu? Hajui kukaba. Akipoteza mpira anaduwaa. Pumzi yake ya nusu saa. Mkimchukua leo mtamkalisha benchi mwaka mzima, nami nimeona benchi linavyomfanya. Nipeni mpaka mwakani. Nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu."

Wazee walitazamana. Yule wa mwavuli akatikisa kichwa kukubali. "Mwakani, basi. Tutakungoja, kijana."

Mwishehe alingoja moyo umuume. Alijua utauma, akajikaza kabisa. Haukuuma. Kila neno alilolisema mzee lilikuwa kweli, naye alilijua kuwa kweli, na mwaka huu wote hakuna aliyemwambia kweli ya mpira wake isipokuwa leo.

Kumbe Muhidini alikuwa bado hajamaliza. Alimshika sikio akalivuta, pale mbele ya wageni. "Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Nimesema nini?"

"Kukaba."

"Na nini tena?"

"Pumzi. Aii, mwalimu, sikio!"

"Kesho alfajiri ufukweni, mbio mpaka Kaole na kurudi. Zuzu mkubwa." Akaliachia sikio, akageukia uwanja, akaendelea kumtukana beki wa kulia.

Dakika ya themanini na sita Mwambao walipata bao la pili, na mji ukalipuka. Mwishehe alikuwa palepale benchini na jezi yake iliyolowa, sikio linamwaka moto, na kwa mara ya kwanza tangu Idi hakuwa akihesabu dakika.